Kumtii Amiri, na Mpaka Wake

  

Hapana kazi ya mwanadamu iliyosimama juu ya utiifu kama uaskari. Mfanyaji biashara asiyepatana na mshirika wake huvunja ushirika, na baharia asiyemridhia nahodha wake hungoja chombo kifike bandarini akashuka na mzigo wake. Walakini askari hana bandari ya kushukia. Amekula kiapo, na kiapo hicho humfuata usiku na mchana. Akitaka kujitoa katikati ya vita huitwa mtoro, na kumkimbia adui vitani kumehesabiwa katika madhambi makubwa. Basi ikiwa utiifu wake ni mkubwa kiasi hiki, lazuka swali lisilokuwa na budi kujibiwa: mtu akisha kula kiapo cha kumtii amiri wake, dhima ya vitendo vya mkono wake huwa ya nani?

Swali hili si geni katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Tangu kuundwa jeshi la King's African Rifles katika mwaka 1902, na kabla yake katika jeshi la Wajerumani upande wa Tanganyika, Waislamu wengi waliingia uaskari chini ya maafisa wasiokuwa wa dini yao. Vita vilipopiganwa Tanga katika mwezi wa Novemba 1914, Waislamu walikuwamo pande zote mbili: Waafrika katika jeshi la Wajerumani, na Wahindi katika jeshi la Waingereza lililoshuka kutoka baharini. Na mwezi huo huo ilitangazwa jihadi mjini Istanbul kwa jina la Sultani wa Kituruki. Kila mmoja wao alikuwa na kiapo chake na amiri wake, na kila mmoja alikuwa na Mola mmoja wa kumjibu.

Juu ya jambo hili watu wamegawanyika makundi mawili. Wako wasemao kwamba askari ni mfano wa upanga: upanga haushitakiwi, bali hushitakiwa aliyeushika, kwa hiyo askari na afanye aliloamrishwa, na dhambi ikiwapo ni ya amiri. Na wako wasemao kwamba Muislamu hana wa kumtii illa Mwenyezi Mungu, basi askari na apime kila amri kwa akili yake, aikubaliyo aitende na asiyoikubali aiache. Kauli zote mbili zina makosa, na makosa yake yaonekana waziwazi katika khabari za vita vya Mtume (S.A.W.) na Masahaba zake, mwenye kuzitazama kwa makini.

Kwanza yapasa kuondoa dhana ya kuwa Uislamu wadharau nidhamu na mafunzo ya vita. Mtume (S.A.W.) aliwafunza watu wake kabla ya kuwapeleka penye adui. Aliwashindanisha farasi: waliotayarishwa kwa mbio walikimbizwa kutoka Hafya mpaka Thaniyyatul Wadaa, yapata maili sita, na wasiotayarishwa walikimbizwa mwendo mfupi, kutoka hapo Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zureq. Siku moja aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kupiga mishale, akawahimiza, akasema kwamba yeye yu upande wa kundi moja. Kundi la pili likazuia mikono, wakamwambia hawawezi kushindana na watu alio pamoja nao. Akawaambia wapige, kwani yu pamoja nao wote. Katika jambo dogo kama hili mna elimu ya uongozi ambayo maamiri wengi hawajaipata.

Katika waliokimbiza farasi hao alikuwamo kijana Abdullahi bin Umar, mwana wa Sayyidna Umar bin Khattab. Huyu alijitokeza kwenda Uhud naye ana miaka 14, Mtume akamrudisha. Vilipokuja vita vya Handaki, naye ana miaka 15, akamkubali. Khabari zake zitakuja mbele.

Ama ubaya wa kila askari kufuata akili yake ulidhihiri Uhud, mwezi wa Shawwal, mwaka wa 3 wa Hijra (625). Mtume (S.A.W.) aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima kidogo, amiri wao Abdullahi bin Jubeir, akawaamrisha wasiondoke pale wakiona Waislamu wameshinda wala wakiona wameshindwa, mpaka yeye atakapowaletea mjumbe. Vita vilianza vyema. Washirikina walikimbia, na nyara zikabaki chini bila mwenyewe. Wapiga mishale walipotazama wakaona kazi imekwisha, wakataka kushuka. Amiri wao aliwakumbusha amri waliyopewa; wachache wakamsikia, yapata watu kumi, na waliobakia wakashuka kuziendea nyara. Khalid bin Walid, ambaye siku ile alikuwa bado upande wa Makureshi, akaiona nafasi iliyoachwa wazi, akazunguka na wapanda farasi wake akaja nyuma ya Waislamu. Abdullahi bin Jubeir na waliosubiri pamoja naye wakauawa pale pale. Watu wapatao 70 walikufa mashahidi siku hiyo, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni na jino lake likavunjika.

Na itazamwe vyema: watu hawa hawakuwa waoga wala wanafiki. Walipima kwa akili zao, na kwa kadiri ya macho yao yalivyoona, vita vilikuwa vimekwisha. Walakini macho yao hayakuona illa yaliyokuwa chini ya kilima, na amri waliyopewa ilitazama yale wasiyoyaona. Tena tamaa iliisaidia akili kufikiri upesi, kama ifanyavyo siku zote.

Miaka mitano baadaye, katika mwaka wa 8 (629), Mtume (S.A.W.) alimtuma Amru bin Aas na watu 300 kwenda Dhatus Salasil, upande wa njia ya Sham. Amru alikuwa na miezi michache tu katika Uislamu. Alipoona adui ni wengi akaomba msaada, akaletewa watu 200 chini ya Abu Ubeda bin Jarrah, na miongoni mwao walikuwa Sayyidna Abubakar na Sayyidna Umar. Abu Ubeda alikuwa na haki ya kutangulia kwa daraja yake katika dini. Lakini Amru akamwambia kwamba yeye amekuja kuwa msaada tu, na uamiri ni wa aliyetangulia kutumwa. Abu Ubeda akakumbuka kwamba aliusiwa wasikhitilafiane, akamwachia, akasali nyuma yake. Usiku ukaingia na baridi kali, na watu wakataka kukoka moto. Amru akakataza, akaonya kwa ukali. Sayyidna Umar akaghadhibika. Sayyidna Abubakar akamtuliza, akamweleza kwamba Mtume hakumpa mtu huyu uamiri illa kwa ujuzi wake wa vita, basi na amwache. Wakalala na baridi. Adui aliposhindwa, watu walitaka kumfuata; Amru akakataza hilo nalo.

Waliporudi Madina wakamshitaki kwa Mtume. Amru akaulizwa akajibu: alikataza moto kwa kuogopa adui asije akaona uchache wao, na alikataza kumfuata adui kwa kuogopa wasije wakaingizwa katika mtego wa watu waliojificha. Mtume akaridhia. Hapa pana mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, amiri hakulazimika kueleza sababu ya amri yake usiku ule mbele ya adui, na wakubwa kuliko yeye walimtii bila kuijua. Pili, aliporudi alilazimika kueleza, na waliokuwa chini yake walikuwa na haki ya kumshitaki, wala hapana aliyewalaumu kwa kushitaki. Jeshi ambalo amiri wake hawezi kuulizwa vitani lina nidhamu. Ama jeshi ambalo amiri wake hawezi kuulizwa hata baada ya kurudi, hilo lina mungu mwengine.

Huo ni moto uliokatazwa. Uko na moto mwengine, ulioamrishwa, na khabari yake ndiyo roho ya maneno haya. Mtume (S.A.W.) alipeleka kikosi na kukiwekea amiri, akawaamrisha watu wake wamtii. Katika mapokezi ya Sayyidna Ali amiri huyo alikuwa mtu wa Answari. Na katika mapokezi mengine ni Abdullahi bin Hudhafa wa kabila la Sahm, mtu aliyependa mzaha. Njiani wakamghadhibisha kwa jambo. Akawaamrisha wakusanye kuni, wakakusanya. Akawaamrisha waziwashe, wakaziwasha. Kisha akawauliza: je, hamkuamrishwa na Mtume kunitii? Wakakubali kwamba ndivyo. Akawaamrisha waingie motoni. Baadhi yao wakakaribia kuingia. Wengine wakatazamana, wakasema kwamba hawakumkimbilia Mtume illa kwa kuukimbia moto, basi vipi wauingie? Wakasimama hivyo hivyo hata moto ukazimika, na ghadhabu ya amiri ikapoa. Khabari ilipofika kwa Mtume alisema maana yake kwamba lau wangaliingia wasingalitoka humo mpaka siku ya Kiyama, na kwamba utiifu hauwi illa katika jambo jema.

Mwenye kusoma na asipite hapa kwa haraka. Watu hawa walikuwa na amri ya utiifu yenye nguvu kuliko kiapo cho chote kilichopata kuliwa katika jeshi la mfalme wa Kiarabu au wa Kizungu; kwani aliyewaambia wamtii mtu yule ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, kwa ulimi wake, kwa kumtaja mtu mwenyewe. Ikiwa amri hiyo isingaliwapa udhuru mbele ya Mola wao, basi ni kiapo gani kitakachompa askari udhuru huo baada yao? Kwa khabari hii kauli ya upanga imeanguka. Upanga hauulizwi kwa sababu hauna akili. Na mwanadamu, hata akivaa nguo za uaskari, akili yake hakuivua.

Sasa yawezekana kuonyesha tafauti iliyo baina ya mioto miwili. Amri ya Amru ilikuwa nzito, walakini haikuwa maasi. Kustahimili baridi usiku mmoja ni taabu, na taabu si dhambi. Kilichofichika katika amri ile ni faida yake, na kuijua faida ya vita ni kazi ya amiri. Askari hakutakiwa aione. Ama amri ya kujitupa motoni, hapakuwa na kilichofichika ndani yake. Mtu hahitaji kuwa amiri wala mwanachuoni kujua kuwa kujiua ni haramu. Basi yale yasiyojulikana illa kwa mwenye kutazama vita kutoka juu, ni ya amiri, na askari hana la kusema; na yale anayoyajua kila mtu aliyebaleghe mwenye akili, hayo hayakabidhiwi kwa amiri hata kwa kiapo.

Na itazamwe pia jinsi walivyokataa. Hawakumshika amiri wao, hawakumpiga, hawakumvua uamiri, wala hawakutawanyika. Walisimama. Kukataa kwao kulikuwa kwa kitendo kimoja tu, na katika mengine yote walibaki watu wake. Hii ni tafauti kubwa na maasi yajulikanayo katika majeshi. Alfajiri ya tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maafisa wao wa Kiingereza wakidai mishahara zaidi na maafisa wa Kiafrika. Madai yao yalikuwa na haki ndani yake; lakini hapana aliyekuwa amewaamrisha maasi, nao walishika silaha za nchi kwa haja ya nafsi zao, na mji ukaingia fujo na mauaji hata serikali ikaomba askari wa Kiingereza waje kuwanyang'anya silaha. Askari akataaye dhambi hapati kitu kwa kukataa kwake, bali aghlabu hupoteza. Hiyo ni alama nzuri ya kumjua.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa pwani, hawakuliacha jambo hili katika mawaidha tu, bali waliliingiza katika hukumu. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kilichosomeshwa katika misikiti ya pwani kizazi baada ya kizazi, imo hukumu ya mtekelezaji wa adhabu aliyemuua mtu kwa amri ya Imamu, kisha ikadhihiri kuwa ni dhulma. Ikiwa hakujua dhulma ile wala kosa lile, kitendo chake huhesabiwa kuwa ni kitendo cha Imamu, naye hana juu yake. Ikiwa alijua, wala hakutenzwa nguvu, kisasi na dhamana ni juu yake yeye aliyepiga. Na hata aliyetenzwa nguvu kuua, kauli yenye nguvu ni kwamba kisasi chaweza kuwashika wote wawili, aliyelazimisha na aliyelazimishwa. Kwa sababu roho ya mtu haiwi na bei ndogo kuliko roho ya mwenziwe, hata ainunue yake kwa kuitoa ya mwengine. Hukumu hii ni nzito, nayo haikumwacha askari asiyejua; ilimrehemu kwa kadiri ya ujinga wake wa kweli.

Mataifa ya Ulaya na Marekani yaliwahukumu wakubwa wa Ujerumani mjini Nuremberg katika mwaka 1945 na 1946, na katika sheria ya mahakama hiyo, iliyotiwa sahihi London mwezi wa Agosti 1945, iliandikwa kwamba amri ya mkubwa haimwondolei mtu dhima, ingawa adhabu yaweza kupunguzwa kwa ajili yake. Ulimwengu ulistaajabia hukumu hiyo kama jambo jipya. Mtoto wa chuo cha pwani aliyefika mlango wa jinai katika fiqhi alikuwa ameisoma zamani.

Yasemwa, na neno hili lina uzito: askari hana wasaa wa kufikiri. Amri humjia katika moshi na makelele, na aliye pembeni yake ameanguka. Vipi atapambanua baina ya taabu na maasi? Jawabu ni kwamba ndiyo sababu mpaka hufunzwa kabla ya safari. Sayyidna Abubakar alipolituma jeshi la Usama bin Zeid katika mwaka wa 11 (632), alitoka naye nje ya Madina, khalifa akienda kwa miguu na amiri kijana, aliyekuwa hajatimiza au ndiyo kwanza atimiza miaka 20, amepanda mnyama. Yamepokewa kwake mausio aliyowapa majeshi yake: wasifanye khiana, wasiwakatekate waliokufa, wasiue mtoto wala mwanamke wala mzee, wasikate mitende wala miti ya matunda, wasichinje wanyama illa wa kula, na wale waliojitenga kwa ibada katika majumba yao waachwe na ibada yao. Mausio haya hayakupewa makadhi, yalipewa watu wenye panga viunoni, wasimame wayasikie kabla hawajaondoka. Na huyo Usama alikuwa amelipata somo lake kabla ya uamiri, kwa uchungu: katika safari moja alimuua mtu aliyekwisha kutamka shahada, akidhani ameitamka kwa kuogopa silaha. Mtume (S.A.W.) alimkariria lawama hata Usama akatamani lau hakuwa amesilimu kabla ya siku ile. Kisha Mtume huyo huyo akampa jeshi aliongoze. Amiri aliyepata kujua uzito wa damu moja ni amana kuliko asiyepata kujua.

Ama amiri anayewafunza watu wake kupiga hatua pamoja na kulenga shabaha, akawaacha bila kujua ni nani asiyeuawa, huyo amewafunza nusu ya kazi, na nusu iliyobaki watajifunza wenyewe mbele ya mateka.

Na ndiyo iliyowafika watu wa Khalid bin Walid. Baada ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 (630), Khalid, ambaye sasa alikuwa Muislamu na amiri, alitumwa kwa Bani Jadhima kuwaita katika dini, si kuwapiga vita. Wale watu hawakujua kutamka vyema kwamba wamesilimu; walitumia neno ambalo maana yake ni kwamba wametoka katika dini yao ya zamani. Khalid hakulikubali, akawaua baadhi yao na kuwateka wengine, akampa kila askari mateka wake. Kisha siku moja akaamrisha kila mtu amuue mateka wake. Abdullahi bin Umar, yule kijana wa farasi, sasa amefika yapata miaka 20, akaapa kwamba hatamuua mateka wake, wala hapana katika wenzake atakayemuua wa kwake. Hakuwa na cheo katika jeshi lile. Mbele yake alisimama shujaa aliyeshinda Uhud na aliyeliokoa jeshi Muta, na hoja ya vita ilikuwa upande wa shujaa. Lakini mateka aliyefungwa hakuwa jambo la kutazamwa kutoka juu ya kilima.

Walipofika kwa Mtume (S.A.W.) wakamweleza. Akainua mikono yake, akajiepusha mbele ya Mwenyezi Mungu na alilolitenda Khalid, akakariri mara mbili. Khalid hakuuawa kwa kisasi, kwani alikosea katika kulifasiri neno, wala hakuondolewa katika uamiri. Na Ibn Umar hakuguswa kwa kuasi amri. Kisha Mtume akamwita Sayyidna Ali, akampa mali, akamtuma kwa Bani Jadhima. Sayyidna Ali akalipa diya ya kila aliyeuawa, na thamani ya kila mali iliyopotea, hata chombo cha mti alichonywea mbwa. Akawauliza kama imebaki damu au mali isiyolipwa. Wakamwambia haikubaki. Mkononi mwake kulikuwa kumesalia mali, akawapa hiyo nayo, kwa ajili ya yale ambayo Mtume hakuyajua na wao hawakuyajua, akarudi kwa Mtume, akasimulia alivyofanya, na Mtume akamwambia kwamba amefanya sawa.